Gari la wagonjwa: kutoka Kwai hadi Lushoto au Bombo, nani analipa?

Usiku wa manane mvua inanyesha, barabara inateleza, na ndani kuna mgonjwa anayehitaji kufika hospitali mapema. Swali la kwanza nyumbani huwa ni "gari litapatikana wapi?" Linalofuata ni "hela ya gari tunayo?" Wasikilizaji wetu wa Kwai na vijiji vya jirani wametuuliza kama mwenye bima ya afya halipii gari, na asiye na bima anadaiwa kiasi gani. Jibu linategemea mgonjwa ni nani na anapelekwa wapi.

Mama mjamzito na mtoto mchanga: piga 115

Hapa bima haiulizwi. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2022, unasafirisha bure mama mjamzito mwenye dharura, mama aliyejifungua hadi siku 42, na mtoto mchanga hadi siku 28.

Namba ni 115, na kuipiga hakukati salio. Anaweza kupiga mama mwenyewe, ndugu au mhudumu wa zahanati. Anayepokea atauliza dalili na mahali mlipo, kisha ataamua mgonjwa apelekwe kituo gani. Gari la wagonjwa likiwa mbali au halipo, huitwa dereva wa jamii, yaani mwenye gari lake aliyesajiliwa na kuingia mkataba. Akishamfikisha mgonjwa, malipo yake huingia kwenye simu yake kutoka kwenye mfumo. Familia haimlipi.

Kwa hiyo msipoteze nusu saa mkichangisha nauli. Mama anayetokwa na damu nyingi au aliyepata kifafa cha mimba hana nusu saa ya kusubiri. Pigeni kwanza.

Wagonjwa wengine: bima inalipia nini?

Mzee aliyepooza ghafla, kijana aliyeanguka na bodaboda au mtoto wa miaka mitatu mwenye degedege hawamo kwenye m-mama. Hapo ndipo wengi huchanganya mambo.

CHF iliyoboreshwa, iliyoanza mwaka 2018, ilipangiwa mikoani mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Ilipangwa kulipia matibabu kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwetu ni Bombo, Tanga. Aliyepelekwa juu zaidi, kama KCMC kule Moshi, alikuwa ametoka nje ya kadi hiyo.

Lakini matibabu na usafiri ni hesabu mbili tofauti. Bodaboda au gari la kukodi la kukushusha kutoka Kwai hadi hospitali ya wilaya Lushoto unalipa mwenyewe, uwe na kadi usiwe nayo. Hata msamaha wa matibabu kwa watoto chini ya miaka mitano na wazee wasio na uwezo haumlipi mwenye gari uliyemkodi.

Hesabu ya safari ya Bombo

Mzigo mkubwa ni rufaa. Kutoka Lushoto unateremka kona za Mombo kilomita 33 hivi, unapita Korogwe na Segera, ndipo ushike njia ya Tanga. Ni zaidi ya kilomita 150, na gari lazima lirudi.

Tuchukulie kwenda na kurudi ni kilomita 320, gari linatumia lita moja kwa kilomita 7, na lita ya dizeli ni shilingi 3,000. Hizo ni lita 46 hivi, sawa na shilingi 138,000 za mafuta peke yake. Fedha hiyo inazidi michango minne ya mwaka ya CHF. Mwenye gari binafsi ataongeza na malipo yake, na usiku au wakati wa mvua bei hupanda.

Ndiyo maana tunasema: uliza kabla hujaugua. Nenda zahanati au kituo cha afya unachokitumia, umuulize mganga mfawidhi: mgonjwa akipewa rufaa, gari linatoka wapi? Mafuta analipa nani? Mwenye kadi na asiye nayo wanatofautiana nini? Ukiambiwa kuna malipo, omba stakabadhi. Usipoelewa, peleka swali kwa mtendaji wa kijiji au ofisi ya mganga mkuu wa wilaya.

Ukitaka kujiunga na bima sasa, kumbuka Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Uliza ofisi ya kijiji kiwango kinachotumika sasa na huduma zilizomo, usafiri wa dharura ukiwemo, kabla hujatoa hela.

Mambo ya kufanya wiki hii

Andika 115 kwenye simu za wote nyumbani, na ukutani pia.

Patana mapema na dereva mmoja au wawili wa karibu: bei ya mchana, bei ya usiku, na kama atakubali kulipwa baadaye.

Kama mna kikoba, zungumzeni mfuko wa jamii utoe mkopo wa dharura siku hiyo hiyo, bila kusubiri kikao. Hela ya kabichi na karoti huja kwa msimu, ila ugonjwa hauna msimu.

Weka kadi ya bima, kadi ya kliniki na kitambulisho mahali pamoja, panapojulikana na kila mtu. Kwenye rufaa, usiondoke bila barua ya rufaa.

Na kama kitongoji chenu hakifikiki kwa gari, kubalianeni sasa machela inakaa kwa nani na vijana gani wataibeba hadi barabarani.