Kwa nini ni vigumu kuthibitisha kuwa kazi ndiyo iliyoumiza mgongo

Mfuko wa saruji una uzito wa kilo 50. Hamali wa mjini Garissa akipakua mifuko 40, amebeba tani mbili. Hata hivyo, akifika hospitalini akilalamikia mgongo, si rahisi kusema kwa uhakika kwamba chanzo ni kazi hiyo.

Sababu ya kwanza imo mwilini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka wa 2020 watu milioni 619 waliumwa sehemu ya chini ya mgongo. Takriban 9 kati ya 10 hawapatikani na ugonjwa au jeraha moja linaloeleza maumivu hayo. Eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi uchungu. Kwa hiyo, mtafiti hutegemea sana maelezo ya mgonjwa.

Pili, kazi huchanganyika. Mama anayelima kando ya Mto Tana huenda pia akabeba mtungi wa maji wa lita 20, kuni na mtoto siku hiyo hiyo. Ni vigumu kutenganisha mzigo wa shamba na wa nyumbani.

Tatu, walioumia huacha kazi. Anayewahoji wapakiaji katika soko la mifugo atawakuta wale ambao migongo yao bado inastahimili. Aliyeshindwa yuko nyumbani, na kazi ya hatari itaonekana salama. Nao wafugaji wanaohama kutafuta malisho si rahisi kuwafuatilia kwa miaka.

Pengo kubwa zaidi ni kumbukumbu. Cheti kikisema tu “maumivu ya mgongo”, kazi ya mgonjwa haihesabiwi popote, na madai ya fidia hukosa ushahidi.

Kwa hivyo, ukienda kutibiwa, eleza kazi unayofanya, uzito unaobeba na siku maumivu yalipoanza, kisha uombe yaandikwe. Ikiwa umeajiriwa na umeumia kazini, mjulishe mwajiri mapema. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka aripoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7 baada ya kujulishwa. Madai ya fidia huwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali.

Miguu ikipoteza nguvu, au ukishindwa kudhibiti mkojo, usisubiri: nenda hospitalini mara moja.