Mbwa Asiye na Mwenyewe

Kila siku mitumbwi huvuka mto Lualaba kutoka Alunguli. Watu huteremka Kindu na mihogo, samaki, kuku na mafuta ya mawese, kisha huenda sokoni. Karibu na soko huwapo mbwa. Wengine wana mwenyewe, wengine hawana. Asiye na mwenyewe hujulikana upesi. Mbavu zake zaonekana, masikio yake yana vidonda, na mtu akiinama tu, yeye hukimbia, kwa maana amezoea kupigwa mawe.

Mtoto mwenye moyo mwema akimwona husema: «Nitampeleka kwetu.» Neno hili ni jema. Lakini kumwokoa mbwa si kazi ya siku moja, wala si kazi ya mtoto peke yake. Yafaa kujua kwanza mbwa hawa watoka wapi, na kazi ya kuwasaidia ina shida gani.

Watoka wapi?

Zamani wawindaji wa msituni walimfunga mbwa kengele ya mti, wapate kusikia yuko wapi. Mbwa wa namna hiyo alikuwa mali, hakutupwa ovyo. Mjini mambo ni mengine. Mtu huhama, humwacha mbwa nyuma. Mwingine hufuga mbwa alinde nyumba, kisha chakula kikipungua, mbwa hufukuzwa. Na wengi huzaliwa bila kutakwa na mtu.

Hesabu yaonyesha jambo hili. Mbwa jike huchukua mimba kwa muda wa miezi miwili tu, naye aweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Akizaa watoto 5 kila mara, kwa mwaka mmoja wamekuwa 10. Kama 5 kati yao ni majike, basi mwaka wa pili majike wazazi ni 6. Kila mmoja akizaa 10, hao ni 60. Pamoja na wale wa kwanza ni 70. Kweli, wengi hufa kwa njaa na magonjwa. Lakini hata wakibaki nusu tu, nyumba za kuwapokea zitatoka wapi?

Hatari ya kichaa

Shida ya kwanza ni ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu umo katika mate ya mnyama mgonjwa, nao humwingia mtu kwa njia ya jeraha. Dalili zikisha kuonekana, hakuna dawa ya kumponya. Lakini aliyeumwa akipata chanjo mapema, haugui. Mwaka wa 1885, huko Ufaransa, chanjo ya mtaalamu Louis Pasteur ilimwokoa Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa.

Kwa hiyo mtoto asimguse mbwa asiyemjua, hata akiwa mdogo na mpole. Mbwa mgonjwa aweza kuwa mkali, tena aweza kuwa mnyonge tu. Mtoto akiumwa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile. Asifiche kwa kuogopa kuchapwa. Kuchapwa hupita, kichaa huua.

Kumtunza

Basi, mtu mzima amemchukua mbwa. Hapo ndipo kazi yaanza. Mbwa hula kila siku, hata siku ile ambayo bukari ni kidogo nyumbani. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe, kwa sababu huvunjika na kumchoma tumboni. Ahitaji maji safi, dawa ya minyoo, na chanjo kutoka kwa mganga wa wanyama. Tena, mbwa aliyepigwa sana huogopa fimbo, huogopa hata ufagio. Majuma mengi yaweza kupita kabla ya kumwamini mtu. Anayemchukua apaswa kuwa na saburi.

Kumtafutia nyumba

Shida kubwa hufuata. Mwindaji ataka mbwa aliyefundishwa tangu udogo. Wengine hukataa jike, kwa kuogopa watoto wake. Tena katika Kindu kuna Waislamu wengi, na kwao mate ya mbwa ni najisi, hata chombo alichokilamba lazima kioshwe mara nyingi. Mbwa akiingia uani kwa jirani huyo, ugomvi huanza, na mara nyingi mbwa ndiye anayelipa. Hata hivyo Waislamu nao hufundishwa kwamba kumnywesha mbwa mwenye kiu ni tendo la thawabu. Basi dawa ya ugomvi ni kujenga ua imara, wala si kumpiga mnyama.

Kabla ya kumtoa mbwa, yafaa kuuliza: Nani atamlisha? Kuna ua? Jirani wanasemaje? Majibu yakiwa mabaya, ni heri kungoja. Kumpa mbwa mtu atakayemfukuza baada ya mwezi si kumwokoa. Ni kumtoa njia hii na kumtupa njia ile.

Kazi hii yawezekana

Huko Nairobi, chama cha KSPCA huwapokea mbwa walioachwa, huwatibu, huwafunga uzazi, kisha huwatafutia nyumba.

Huko Gulu, kaskazini ya Uganda, alikuwapo mtoto wa miaka 12, Francis Okello Oloya. Siku moja alikuwa akilima. Jembe lake liligonga bomu lililobaki udongoni kwa sababu ya vita, akapofuka macho. Alipokuwa akikaa shuleni, usiku aliona shida kwenda chooni peke yake. Mbwa wa pale shuleni wakazoea kumfuata na kumsindikiza. Alipokuwa mtu mzima hakusahau wema ule. Alianzisha kazi ya kuwapa mbwa wasiotakwa watu walioumizwa rohoni na vita. Mtu na mbwa hufundishwa pamoja. Mbwa apata nyumba, na mtu apata rafiki. Watu wa Maniema, walioona vita wao pia, waweza kuelewa maana ya jambo hili.

Lakini hakuna chama kiwezacho kuwachukua mbwa wote wa njiani. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, kichaa hukosa njia ya kuenea. Na majike wakifungwa uzazi, watoto wasiotakwa hawazaliwi.

Mtoto naye ana kazi yake. Asitupe mawe. Kila jioni ajaze maji katika chombo cha mbwa wa nyumbani kwao. Siku ya chanjo ikitangazwa, awakumbushe wazazi. Maana yule mbwa wa sokoni hakutoka mbali. Mama yake, au mama ya mama yake, alikuwa na mwenyewe.

Maulizo

1. Kwa nini mbwa wa sokoni hukimbia mtu akiinama?
2. Mtoto aliyeumwa na mbwa afanye nini kwanza? Na kisha?
3. Mbwa jike akizaa watoto 4 kila mara, mara mbili kwa mwaka, kwa miaka mitatu atazaa wangapi?
4. Kwa nini si vema kumpa mbwa kila mtu anayemtaka?