Kufomati diski si kupamba maandishi: Istilahi inavyoweza kukupotezea kazi

MIONGONI mwa wanafunzi wa uzamili, si ajabu siku hizi kukuta kompyuta moja yenye mifumo endeshi miwili: Windows kwa kazi za kawaida, na Linux kwa programu za kuchanganua matini. Mtu akiiwasha, huchagua aingie upande upi. Swali ninaloulizwa mara kwa mara ni hili: mbona nikiwa Linux naziona faili za Windows, lakini nikiwa Windows za Linux hazionekani?

Ili kulijibu, yafaa tutofautishe istilahi mbili zinazochanganywa. Mfumo endeshi ni programu inayoiongoza kompyuta nzima. Mfumo wa faili ni utaratibu wa kupanga na kusajili data katika diski. Windows hutumia utaratibu uitwao NTFS, ilhali Linux, mathalani Ubuntu, aghalabu hutumia ext4. Linux imepewa uwezo wa kusoma na kuandika NTFS. Windows, kwa kawaida, haiielewi ext4. Ni kama majirani wawili, mmoja anazungumza lugha mbili na mwenzake moja tu.

Hatari i hapa. Ukichomeka diski ya nje iliyopangwa kwa ext4, Windows huweza kukuambia kwamba sharti uifomati kabla ya kuitumia. Mtumiaji aliyezoea kufomati insha, yaani kukoza wino, kubadilisha fonti na kupanga aya, hubofya “ndiyo” bila wasiwasi. Kumbe amekubali sajili ya faili zake ifutwe. Data ya nyanjani ya mwaka mzima huenda ikapotea hivyo.

Baadhi ya wafasiri hutumia ‘umbiza’ kwa maana zote mbili. Utata huu umo katika Kiingereza, nasi tumeurithi bila kuuhoji. Kwa maoni yangu, ‘umbiza’ libaki kwa maandishi, na kwa diski tuseme ‘futa na kupanga upya’. Ni maneno mengi, sikatai, lakini yanaonya.

Kitenzi ‘zima’ nacho kina mtego wake. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuna mpango wa kuharakisha uwashaji. Ukiutumia, kompyuta iliyozimwa huwa haikuzimika kabisa. Sehemu ya kumbukumbu yake huhifadhiwa katika diski. Ukiingia Linux wakati huo, huenda ukaruhusiwa kusoma faili za Windows tu, usiweze kuzibadilisha. Usilazimishe. Rudi Windows, uuondoe mpango huo katika mipangilio ya umeme, kisha uzime upya.

Anayetaka kufanyia kazi faili zilezile pande zote mbili atenge sehemu ya tatu ya diski, aipange kwa NTFS au exFAT, na nyaraka zake aziweke humo. FAT32 husomwa kotekote, ila haipokei faili moja inayofikia GB 4, jambo linalowatatiza wanaohifadhi video za mahojiano. Na kabla ya kugusa mgawanyo wa diski, weka nakala ya kila kitu kwingine.

Majina ya faili pia yana sarufi yake. Katika Linux, ‘Methali’ na ‘methali’ ni faili mbili. Windows kwa kawaida huzihesabu kuwa jina moja. Nuktapacha na alama ya kuuliza, ambazo Linux huzikubali, Windows huzikataa. Basi tumia herufi ndogo, tarakimu na kistari, hutapata shida.

Kiswahili si kigeni katika uwanja huu. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulituletea Jambo OpenOffice mwaka 2004, ithibati kwamba lugha hii inaweza kuibeba teknolojia. Tulichosahau ni kuzipima istilahi zetu kwa matokeo yake. Wanaounda istilahi wamezoea kujiuliza iwapo neno ni fupi na linatamkika. Waongeze swali jingine: mtu asiye mtaalamu akilisoma peke yake usiku mbele ya kompyuta, atajua anachokaribia kukipoteza?