Mtetemo wa Pikipiki ya Magurudumu Matatu

Dereva ashukaye na viazi na jibini kutoka milima ya Masisi, mashariki mwa Kongo, au atokaye Walikale kupitia tope la msitu, aghalabu hasikii mtetemo wowote, kwa kuwa njia yenyewe haimruhusu mwendo. Lakini afikapo Sake na kuielekea Goma, ambako njia humruhusu mwendo, pikipiki yake ya mizigo huanza kutikisika, naye huilaumu injini. Hukumu hiyo mara nyingi ni dhuluma. Akiwa mahali salama, na akaze mwendo hadi mtetemo udhihiri, kisha atoe gia na kuachia mafuta: usipokoma, injini haina hatia, na dosari imo katika magurudumu, propela (mhimili upelekao nguvu nyuma) au difu (gia za ekseli ya nyuma). Mtikisiko mzito wa polepole hutokana na gurudumu, pengine ni tope tu lililokauka ndani ya ringi. Ule mwepesi wa kasi hutoka kwenye propela, izungukayo mara kadhaa kwa kila mzunguko wa gurudumu. Hapo zichunguzwe krosi zake mbili, yaani viungo vyake vya kupinda, na zaidi ya yote iangaliwe kama fundi, alipoifungua, aliirudisha ncha zake zikiwa hazilingani, kosa wafanyalo hata mafundi hodari, na ambalo grisi haiwezi kuliponya.