Kambale wa Bonde la Bahi Wahesabiwe Lini?

Kambale ana miiba miwili migumu, mmoja kila upande, kwenye ukingo wa mbele wa pezi la kifuani. Wauza kambale wa Kintinku wanaijua kwa vidole vyao, maana ikichoma jeraha huwanga usiku kucha. Kwa fundi wa utafiti wa samaki, mwiba huo ni cheti cha kuzaliwa. Hukatwa karibu na shina, huchemshwa kidogo ili nyama ibanduke, hukaushwa, kisha hukatwa vipande vyembamba kwa msumeno mdogo hadi mwanga uweze kupenya. Chini ya hadubini pete huonekana: ukanda mpana wa miezi ya kukua, mstari mwembamba wa miezi ya njaa. Mtego wake uko katikati. Samaki anavyokua, uwazi wa ndani ya mwiba hupanuka na kuzila pete za mwanzo, kwa hiyo kambale mzee huweza kusomeka kijana. Fundi asiyelijua hilo atajaza daftari zima umri wa uongo.

Kazi hiihii hufanywa na wenzetu wanaofuatilia sturjoni, yule samaki mkubwa wa mito na bahari za kaskazini anayevuliwa kwa ajili ya mayai yake, kaviari. Nao hukata kipande cha mwiba wa pezi la kifuani na kuhesabu pete. Tofauti ni kwamba wao huhesabu miongo. Sturjoni wa Bahari ya Kaspi aitwaye beluga anaweza kuishi zaidi ya miaka 100 na kuzidi uzito wa tani moja, na jike lake huchukua miaka 15 au zaidi kabla ya kutaga mara ya kwanza. Bwawa la Volgograd lilipouziba mto Volga mwishoni mwa miaka ya 1950, sehemu kubwa ya mazalia yake ilikatika. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilitangaza kwamba aina zote za sturjoni zilizobaki ziko hatarini kutoweka. Kwa samaki wa namna hiyo kila mmoja ana thamani, na fundi humpandikiza kidude chenye namba chini ya ngozi ili akikamatwa tena miaka kumi baadaye ajulikane ni yuleyule.

Je, tufanye vivyo hivyo huku kwetu? Kilimatinde imekaa juu ya ukuta wa Bonde la Ufa, pale Reli ya Kati inapopanda kutoka Saranda kuelekea Manyoni. Chini yake ndiko liliko bonde la Bahi na kinamasi chake. Mto Bubu huleta maji kutoka kaskazini kupitia Kondoa, na maji hayo hayana pa kutokea. Huondoka kwa jua tu. Mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Mwaka mzuri kuna ziwa, watu wanaingia na mitumbwi na nyavu. Mwaka mbaya ng'ombe wanapita palepale penye mitumbwi.

Njia ya kuhesabu samaki kwa alama ni ya zamani. Mdenmaki C. G. Johannes Petersen alikuwa akiwatia samaki alama tangu miaka ya 1890. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme umewatia alama samaki 200 ukawaachia, kisha ukavua 100 na kukuta 10 wana alama. Basi mwenye alama ni mmoja katika kumi, na majini wamo kama 2,000. Lakini hesabu hiyo ina masharti: asiingie mgeni, asitoke mwenyeji, wasife wengi, alama zisidondoke. Kinamasi kinachonywea huvunja karibu masharti yote kwa mpigo. Samaki wanabanana, mwari na korongo wanakula bila kikomo, na wavuvi wanapata samaki wengi kwa juhudi ndogo. Ukiangalia mavuno ya wakati huo peke yake utadhani samaki wameongezeka, kumbe maji ndiyo yamepungua.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: Bahi tusihangaike kuhesabu samaki waliomo ziwani wakati limejaa. Tuhesabu mara mbili, wakati watu wengi wanaona hakuna cha kuhesabu.

Mara ya kwanza ni mwishoni mwa kiangazi, Oktoba, kwenye vidimbwi vya mikondo ya mito na malambo. Kambale ana kiungo cha kupumulia hewa juu ya mashavu, chenye matawi mekundu kama tumbawe, kinachomwezesha kuvumilia tope ambamo perege hufa mapema. Waliobaki hapo ndio mbegu ya mwaka ujao. Vidimbwi hivyo wachungaji wanavijua kuliko bwana samaki yeyote, na fundi mwenye akili huanza kwao.

Mara ya pili ni wiki za mafuriko ya kwanza. Kambale hupanda na maji mapya usiku, hutaga kwenye majani yaliyofunikwa na maji ya kina kifupi, na mayai hunata kwenye majani hayo. Huangua ndani ya siku moja au mbili, na wazazi hawayalindi. Hapa kazi ni rahisi kuliko ya sturjoni, ambaye mara nyingi hana alama ya nje inayoaminika ya kutofautisha dume na jike, hivyo huhitaji mashine ya mawimbi ya sauti au kupasuliwa kidogo tumboni. Kambale mpindue tu: dume ana kichuchu kirefu karibu na tundu la haja. Mlaze kwenye ubao, pima kuanzia ncha ya pua hadi mwisho wa mkia, mpime uzito, andika, mrudishe majini.

Tunajua kinachotokea njia ya mazalia ikizibwa. Ningu wa Ziwa Viktoria hupanda mito kama Kagera, Mara na Nzoia wakati wa mvua ili kutaga. Nyavu za makila zilitegwa midomoni mwa mito hiyo, zikakamata majike yenye mayai, na kufikia miaka ya 1960 uvuvi wake ulikuwa umeporomoka. Ndiyo maana mimi simlaumu anayevua kambale Septemba kwenye tope linalokauka. Wengi wa samaki wale wangekufa au kuliwa na ndege. Nyavu za Desemba zinazoziba mkondo kutoka ukingo hadi ukingo ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo doria na vikundi vya wavuvi vingefaa kupeleka nguvu.

Perege ana mambo yake. Jike hubeba mayai mdomoni, kwa hiyo kumfuatilia kunahitaji ratiba nyingine.

Faida moja tuliyonayo ni muda. Anayelinda sturjoni leo huenda akastaafu kabla ya kujua kama uamuzi wake ulifaa. Kambale hupevuka kwa mwaka mmoja au miwili. Mkondo ukiachwa wazi Desemba na maji yakidumu, kufikia Juni sampuli za mialoni zitaonyesha wazi kundi la kambale wa mwaka huohuo. Zisipoonyesha, utaratibu unaweza kubadilishwa kabla ya mvua zinazofuata.