Kushindwa Kuzuia Mkojo si Aibu kwa Askari

Yuko adui ambaye askari hafundishwi kupambana naye katika uwanja wa gwaride, wala hatajwi katika mazungumzo ya jioni kambini. Adui huyo ni maradhi ya mtu mzima kushindwa kuzuia mkojo. Huwapata wanaume na wanawake, wenye vyeo na wasio na vyeo, na aghalabu mgonjwa hunyamaza kwa kuogopa kuitwa kikojozi.

Kunyamaza huko ndiko kunakoleta hasara. Askari anayeficha hali yake huanza kujinyima maji ili asivuje awapo zamu. Hujidanganya. Mkojo uliokosa maji huwa mkali, hukikera kibofu na kukifanya kitake kutoka mara nyingi zaidi. Tena, aliyesimama juani bila maji aweza kuanguka akiwa na silaha mkononi. Hapo siri ya mtu mmoja imekuwa hatari kwa kikosi kizima.

Maradhi haya yana sababu zake, na nyingi hutibika. Kwa wanaume wenye umri, huenda tezi dume imevimba. Kwa wanawake, uzazi hulegeza misuli, na mkojo huponyoka wakikohoa au wakiinua mzigo. Wengine wana ugonjwa wa sukari, au vijidudu katika njia ya mkojo, au jeraha la uti wa mgongo.

Kuhusu jeraha hilo, historia ya majeshi ina fundisho kubwa. Mwaka 1944 Daktari Ludwig Guttmann, mkimbizi kutoka Ujerumani, alianzisha katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, wadi ya askari waliovunjika uti wa mgongo vitani. Kabla ya hapo wengi wa majeruhi hao walikufa, si kwa risasi yenyewe, bali kwa vidonda vya kulalia na kwa maradhi ya kibofu yaliyopanda hadi kwenye figo. Kwa utunzaji wenye nidhamu, majeruhi wake waliishi, na mwaka 1948 baadhi yao walishindana kwa mishale wakiwa katika viti vya magurudumu. Mwaka 1972 Daktari Jack Lapides wa Marekani alionyesha kwamba mgonjwa aweza kujitia mpira wa mkojo yeye mwenyewe mara kadhaa kwa siku, ilimradi azingatie usafi.

Basi nidhamu ndiyo silaha. Kwanza, mgonjwa aandike kwa siku tatu saa anazokunywa, anazokwenda haja na anazovuja, kisha ampelekee daktari maandishi hayo. Pili, aende haja kwa saa maalumu. Akianza kila baada ya saa moja, aongeze dakika 15 kila anapozoea. Tatu, anywe maji ya kutosha mchana, apunguze saa mbili kabla ya kulala, na ajihadhari na pombe, chai na kahawa.

Nne, yapo mazoezi aliyoyaeleza Daktari Arnold Kegel mwaka 1948. Kaza misuli ile unayoitumia kuzuia upepo usitoke, hesabu hadi 5, legeza kwa muda huo huo, urudie mara 10. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, wala usikate tamaa, kwani faida yaweza kuchukua miezi mitatu. Tano, tumia pedi au kitambaa safi, ubadilishe kila kinapolowa, uoshe ngozi na kuikausha. Vitambaa vifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani.

Mwanamke ambaye mkojo humtiririka mfululizo baada ya uchungu wa muda mrefu asitegemee mazoezi. Huenda ana fistula, na dawa yake ni upasuaji. Hapa Uganda, hospitali ya Kitovu, Masaka, inajulikana kwa kazi hiyo, na mwaka 2019 ilifunguliwa hospitali ya Terrewode huko Soroti. Mume asimfukuze mkewe kwa maradhi yanayotibika.

Anayeona damu katika mkojo, anayeshindwa kabisa kukojoa, mwenye homa, au ambaye miguu imekufa ganzi ghafla, akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo.

Nanyi makamanda mna wajibu. Hapana budi lindo lipangwe ili mwenye maradhi haya apokewe kwa wakati bila kuulizwa mbele ya wenzake. Siri ya mgonjwa ibaki kwa daktari, na mzaha juu ya jambo hili ukomeshwe katika kambi na vituo vyote vya polisi.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Askari anayeripoti bunduki yenye kasoro husifiwa kwa uangalifu wake. Anayeripoti kasoro ya mwili wake naye astahili sifa hiyo hiyo.