Ubongo Unaposhindwa Kuutawala Mwili

Haipothalamasi ni kipande cha ubongo kisichozidi ukubwa wa lozi, nacho husimamia njaa, kiu, joto la mwili na homoni. Hakifanyi kazi peke yake. Insula, iliyojificha ndani ya mkunjo karibu na sikio, hupokea habari za tumbo, moyo na ngozi. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ndiyo huamua: aliyeshiba aache kula, aliyechomwa na jua aingie kivulini.

Dimensia ya sehemu za mbele na za kando za ubongo hushambulia mtandao huohuo. Arnold Pick, daktari wa Prague, alianza kuueleza ugonjwa huu mwaka 1892. Mara nyingi huanza kati ya miaka 45 na 65, protini kama tau au TDP-43 zinaporundikana ndani ya seli za ubongo, nazo seli hizo hufa. Kumbukumbu huweza kubaki salama mwanzoni. Kinachobadilika ni tabia, na hapo ndipo jamaa huhangaika.

Katika mji kama Isiolo, mzee aliyezoea vijiko viwili vya sukari katika chai ya maziwa ya ngamia anaweza kufikia sita, kisha akanyakua hata kikombe cha mgeni. Watu husema amekosa adabu. Wanamsingizia. Mwaka 2007, watafiti wa San Francisco waliwaandalia wagonjwa sandwichi wale watakavyo. Sita, wote wenye dimensia hii, walisema wameshiba, lakini wakaendelea kubugia. Uharibifu ulionekana hasa kwenye insula ya kulia na sehemu za mbele zilizo jirani yake. Habari ya shibe ilikuwa imefika; kilichokosekana ni breki.

Kwa wengine hata hisia za joto na maumivu huvurugika. Mgonjwa huweza kukaa na koti zito kwenye jua la saa saba mchana, na katika ukame wa Isiolo kuishiwa maji mwilini ni hatari ya kweli.

Tiba ya kuusimamisha ugonjwa haijapatikana, na dawa za Alzheimer hazisaidii. Baadhi ya dawa za sonona hupunguza papara ya kula. Kazi kubwa hubaki nyumbani: sukari ifungiwe kabatini, chakula kipakuliwe kwa kipimo, maji yatolewe bila kungoja aombe, na mgonjwa aongozwe kivulini bila kufokewa.